Shangazi, mchana najinyima, usiku nafakamia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 20, nipo mwaka wa pili chuoni. Tunakaa watatu chumba kimoja bwenini. Jiko hatuna, tuna birika la umeme la kuchemshia maji basi. Friji ni moja kwa ghorofa nzima, na ukiweka kitu chako humo huna uhakika wa kukikuta.

Muhula uliopita nilianza dayati. Nina urefu wa sentimita 163, na siku naanza nilikuwa na kilo 66. Nataka nifike 50. Programu niliyoweka kwenye simu imenipangia kalori 1,200 kwa siku, nikizidisha inaniandikia kwa rangi nyekundu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, nikashuka mpaka 62. Sasa nimerudi 65 na sielewi, maana asubuhi najibana kwelikweli.

Asubuhi yangu iko hivi. Naamka saa moja na dakika ishirini, kipindi cha kwanza ni saa mbili. Nakunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu, kisha chai ya rangi bila sukari na nusu ndizi. Nusu iliyobaki naifunga kwenye mfuko niile saa nne, ila ikifika saa nne imeshakuwa nyeusi, naitupa. Siku nyingine nakula nafaka za boksi, zile zenye picha ya msichana mwembamba aliyevaa nguo za mazoezi. Lebo inasema gramu 30 zina kalori 115 na sukari gramu 11. Kufika saa tano simsikii tena mhadhiri anachosema. Mchana nakula saladi kwenye mgahawa wa chuo, au siendi kabisa.

Jioni ndipo balaa linapoanza. Naanza na biskuti moja tu. Ikifika saa nne usiku nimekaa na madaftari, pakiti imekwisha, nimeshakula tambi za kumwagia maji ya moto, na bado nauendea mkate wa mwenzangu. Kesho yake naununua mwingine kabla hajagundua. Makaratasi ya biskuti nayaficha chini ya godoro, nayatoa wenzangu wakienda kuoga. Nikilala najichukia, naapa kesho siweki kitu mdomoni mpaka mchana.

Wenzangu nao wamenichanganya. Mmoja anasema kifungua kinywa ndicho chakula kikuu cha siku, asiyekula asubuhi hunenepa. Wa pili anafunga saa 16 kila siku, anaanza kula saa sita mchana, na amepungua. Nimsikilize nani? Na ndimu kweli inayeyusha mafuta? Naomba unipangie kifungua kinywa cha mtu anayepunguza mwili, asiye na jiko wala muda. Hedhi yangu nayo imeruka miezi miwili, ila nadhani ni presha ya mitihani, hiyo si shida.

Mwenye Njaa, Mwaka wa Pili


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo ulilosema si shida, kwa sababu ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Msichana wa miaka 20 ambaye hedhi yake imekatika miezi miwili huku anakula kama unavyokula wewe, ana shida. Mitihani inaweza kuvuruga hedhi, ni kweli. Mimba pia, kwa hiyo kama kuna uwezekano huo hata kidogo, pima kwanza; sikuulizi zaidi ya hapo. Lakini chakula kisipotosha, ubongo nao hupunguza zile homoni zinazoamuru mayai kupevuka, na hedhi inasimama. Ikisimama kwa muda mrefu, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa huanza kudhoofika, tena katika umri ambao ilitakiwa iwe bado inajijenga. Kwa hiyo wiki hii nenda zahanati ya chuo. Mwambie daktari mambo matatu bila kuficha: hedhi, kilo ulizopanda na kushuka, na hiyo namba ya 1,200. Mwombe akupime na wingi wa damu.

Sasa tuje kwenye namba zako, maana umenipa za kutosha kupigia hesabu. Kilo 66 kwa urefu wa mita 1.63 zinaleta uwiano wa uzito na urefu wa 24.8. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uzito wa kawaida wa mtu mzima ni kuanzia 18.5 hadi 24.9. Maana yake siku unaanza dayati ulikuwa ndani ya mstari. Karibu na ukingo wa juu, sawa, lakini ndani. Hiyo 50 unayoifukuza inaleta 18.8, karibu kabisa na mstari wa chini. Nani alikuchagulia 50? Nahisi ni kwa sababu tu inatamkika vizuri.

Tazama na hiyo 1,200. Kuna kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe huitumia kukadiria nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umelala tu, bila kazi yoyote. Kwa umri, urefu na uzito wako jibu ni kama kalori 1,400. Hiyo ni ya moyo kupiga, mapafu kupumua, figo kuchuja na ubongo kufikiri. Weka ngazi za bweni, weka kutembea kutoka jengo hadi jengo, unakaribia 2,000. Kwa hiyo programu yako inakupa chakula pungufu ya kile ambacho ungekihitaji ukiwa mgonjwa kitandani, halafu inakupigia kelele nyekundu ukikizidisha. Ifute. Sisemi uipumzishe, nasema uifute.

Na zile kilo nne za mwanzo zisikulize sana. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Ukianza kujinyima, akiba inatumika na maji yake yanaondoka. Mizani inashuka haraka, unafurahi, kumbe sehemu kubwa ni maji. Ukila vizuri siku chache yanarudi. Hakuna aliyenenepa hapo.

Nikueleze na habari ya wanaume 36. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana wenye afya, waliojitolea, wakawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwasaidia watu waliokuwa na njaa Ulaya wakati wa vita. Vijana wale, wasomi, watu wazima wenye akili zao, walianza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula usiku, kulamba sahani. Wapo walioshindwa wakaiba. Na chakula kiliporuhusiwa tena, baadhi yao walikula bila kushiba. Kumbuka wao walikuwa wakipata 1,570. Wewe ukifuata simu unapata 1,200, na siku za kususia mchana sijui unapata nini.

Kwa hiyo ninapokusoma umekaa saa nne usiku na pakiti ya biskuti, simwoni msichana asiye na msimamo. Namwona mtu ambaye tangu asubuhi amekopa kwa mwili wake, na usiku mdai amekuja. Wewe unalitazama deni hilo kama kosa la usiku, unaliadhibu kwa kukopa tena asubuhi. Hapo ndipo ulipokosea. Chai ya rangi na nusu ndizi ndiyo inayopika tambi zako za usiku.

Dayati isimame kwanza. Isimame mpaka daktari akuone na hedhi irudi. Kifungua kinywa nitakachokupangia kinamfaa mtu aliye kwenye dayati na asiye kwenye dayati vilevile, kwa hiyo hupotezi kitu. Ikifika siku daktari akasema sawa, na wewe bado unataka kupungua, utapunguza kidogo kidogo, tuseme kalori 300 kwa siku, na utazipunguza kwenye vitafunwa na soda, asubuhi utaiacha ilivyo.

Tuwaamue na hao wenzako. Wote wawili wana robo ya ukweli. Huyo anayesema asiyekula asubuhi hunenepa, amebeba maneno ya siku nyingi ambayo majaribio hayajayaunga mkono. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 13, na waliokula asubuhi hawakuwa wembamba kuliko wasiokula. Walikuwa na uzito zaidi kidogo, kama nusu kilo, ingawa waandishi wenyewe walikiri kwamba ubora wa majaribio hayo ulikuwa mdogo. Kifungua kinywa peke yake hakimpunguzi mtu. Huyo wa kufunga saa 16 naye asijivune. Mwaka 2020 watu 116 walifuatiliwa kwa wiki 12 huko Marekani, na waliobanwa kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku hawakupungua kwa kiasi cha maana kuliko waliokula milo mitatu ya kawaida. Kama yeye amepungua, huenda saa za kula zimemzuia kula ovyo usiku. Kwako wewe, ambaye usiku ndio uwanja wa vita na hedhi imesimama, kufunga ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Usimwige.

Utafiti ninaoutaka mimi ni mwingine, mdogo, lakini unakuhusu kana kwamba walikuita wewe. Mwaka 2013 Heather Leidy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwachukua wasichana 20 wa umri kama wako, wenye uzito mkubwa, wasiokula asubuhi. Wakawapa kwa nyakati tofauti vifungua kinywa viwili vyenye kalori 350 kila kimoja. Kimoja kilikuwa na protini gramu 13, cha pili gramu 35. Kile chenye protini nyingi kiliwapunguzia hamu ya kula, na jioni walipunguza vitafunwa vyenye mafuta mengi. Wasichana 20 ni wachache, siwezi kuapa kwa hilo. Ila linakubaliana na kinachofahamika siku nyingi, kwamba protini hushibisha kuliko wanga mtupu. Nusu ndizi yako ina protini isiyofika gramu moja.

Basi kifungua kinywa chako kiwe na vitu viwili ambavyo sasa hakina: protini karibu gramu 20 au zaidi, na nyuzinyuzi. Mengine ni ladha yako.

Kwa kuwa una birika tu, na friji yenu haina amani, cha kwanza ni hiki. Tafuta bakuli la chuma lenye mfuniko, au chupa ya chai yenye mdomo mpana. Gilasi nyembamba usitumie, maji ya moto yataipasua. Usiku, kabla ya kulala, weka humo nusu kikombe cha oti za kuiva haraka, kama gramu 40. Ongeza karanga za kukaanga kiganja kidogo na chembe ya chumvi. Pembeni, kwenye kikombe, weka maziwa ya unga vijiko vikubwa vitatu vilivyojaa. Vyote ni vikavu, havihitaji friji, na hakuna mwizi wa ghorofani anayevitamani.

Asubuhi washa birika kabla hujatafuta viatu. Wakati maji yanachemka, mimina maji baridi kidogo kwenye unga wa maziwa, ukoroge mpaka uwe rojo zito lisilo na madonge. Usiruke hatua hii. Ukiumwagia unga maji ya moto moja kwa moja unajikunja vidonge vidogo vinavyoelea, vyeupe nje na vikavu ndani, na ukivitafuna saa moja asubuhi hutarudia tena. Mwaga rojo juu ya oti, ongeza maji ya moto kiasi cha kikombe kimoja, koroga mpaka chini kwenye kona, funika. Nenda kavae. Ukirudi baada ya dakika tano oti zimevimba, uji umekuwa mzito, karanga zimelainika nje lakini bado zinasikika menoni. Katia ndizi juu. Ndizi nzima.

Hapo una kama kalori 490, protini gramu 17 au 18, na nyuzinyuzi karibu gramu 9, wakati mtu mzima anashauriwa apate angalau gramu 25 kwa siku nzima. Ukiongeza yai moja la kuchemsha kutoka mgahawani, unaongeza protini gramu 6 na unavuka 20. Najua namba ya 490 imekushtua. Macho ya mtu aliyezoea nusu ndizi huiona kubwa. Lakini pakiti moja ya biskuti, tambi na vipande vya mkate vya usiku vinaipita hiyo mbali, na havikukalishi darasani.

Usichemshe mayai ndani ya birika la umeme, hata kama wapo wanaofanya hivyo. Yanapasuka, ute unaganda chini, na wenzako watakunywa chai yenye harufu ya yai. Yanunue yaliyochemshwa mgahawani, au yachemshe kwenye jiko la pamoja kama lipo.

Siku ya kutaka kutafuna, kula mayai mawili, vipande viwili vya mkate wa ngano nzima na chungwa. Mkate usiuamini kwa rangi yake, kuna unaotiwa rangi tu. Geuza mfuko usome neno la kwanza kwenye orodha ya viambato. Kama si ngano nzima, rudisha. Samaki wa kopo kwenye mkate huohuo ni kifungua kinywa kizuri pia, ila fungua dirisha, chumba ni cha watatu.

Halafu kuna kiporo. Hakuna sheria popote inayosema asubuhi lazima kuliwe kitu kinachoitwa chakula cha asubuhi. Maharage yaliyobaki jana, kikombe kimoja, yana protini kama gramu 15 na nyuzinyuzi karibu hizohizo. Sharti ni moja, yawe yameingia friji ndani ya saa mbili tangu yapikwe na yapashwe moto mpaka yachemke. Wali uliolala mezani usiku kucha usiule, kuna bakteria wanaoacha sumu humo ambayo moto hauiondoi.

Utaniambia asubuhi huna njaa. Naamini, kwa kuwa umelala tumbo likiwa limejaa. Usijilazimishe bakuli zima siku ya kwanza. Kula nusu ya uji chumbani, na saa nne kula yai na ndizi. Na ndizi hiyo, mwanangu, ibebe na ganda lake. Uliyokuwa ukiikata nusu na kuifunga kwenye mfuko ilikuwa lazima iwe nyeusi, hewa inaigusa. Usiku ukipungua wenyewe, njaa ya asubuhi itarudi.

Kuhusu nafaka za boksi, chukua bakuli unalolitumia kila siku, mimina kama unavyomimina siku zote, kisha upime kwa mizani ya jikoni ya mtu. Wengi hukuta gramu 70 au 80, kwa sababu gramu 30 zinafunika tu chini ya bakuli. Tuseme ni 75. Sukari ni gramu 27 na nusu, karibu vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya 25. Umeshavuka hiyo ya pili kabla hujatoka chumbani, wakati chaini umejinyima kijiko kimoja. Afadhali uweke kijiko kimoja kwenye chai unywe kwa amani. Yule msichana wa kwenye boksi halipwi kwa kula kilichomo.

Chai yenyewe haina ubaya, ila ina vitu vinavyozuia madini ya chuma ya kwenye nafaka, maharage na mayai yasifyonzwe vizuri. Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, mwanamume 8 tu. Kunywa chai yako saa moja baada ya kula, na kwenye chakula weka chungwa au tunda lingine lenye vitamini C, ambayo husaidia chuma kuingia. Ndiyo maana nimetaka upimwe damu.

Ndimu haiyeyushi mafuta. Maji ni mazuri, ladha ni nzuri, ukipenda kunywa. Ila asidi yake hulainisha gamba la meno, kwa hiyo subiri nusu saa ndipo upige mswaki.

Mchana nenda mgahawani, kila siku. Saladi ni ya pembeni, weka na kitu chenye protini na wanga. Hapo sina maneno mengi.

Usiku nina maneno. Kula chakula cha jioni kamili mapema, usisubiri uanze na biskuti moja tu. Kahawa ikome mchana, kwa sababu mwili huchukua kama saa tano kupunguza kafeini kwa nusu. Ya saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado inazunguka. Na lala. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaacha vijana 12 walale kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili, wakakuta homoni inayoleta njaa imepanda kwa asilimia 28 na ile inayoleta shibe imeshuka kwa asilimia 18. Wewe unakesha na njaa juu yake.

Biskuti zitoe mafichoni. Weka pakiti juu ya meza, kula mbili tatu mchana kweupe na chai, mbele ya wenzako. Kitu kinacholiwa hadharani hupoteza nguvu zake nyingi. Mwenye mkate naye mwambie tu. Mtu anayenunua mkate usioisha wiki nzima lazima ameshajiuliza. Na kama baada ya wiki chache za kula vizuri mchana bado usiku unakula mpaka tumbo linauma, unashindwa kuacha, na unaficha, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo umweleze hivyohivyo ulivyonieleza. Ni ugonjwa unaotambulika na una tiba. Hautibiwi kwa kiapo cha saa sita usiku.

Mizani mpe mwenzako aiweke kwake. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku kwa maji, chumvi na choo tu, na wiki za mwanzo za kula vizuri zitapanda kidogo. Daktari atakupima wakati wake ukifika.

Ukitoka kwake niandikie alichosema kuhusu hedhi na damu yako. Habari za kilo tutazizungumza baada ya hapo.

Shangazi